Uzi wa Mama Mkwe

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwa fundi kuichukua kompyuta ya marehemu mume wangu. Nilitembea haraka, maana nilikuwa nimeiiba.

Neno ni hilo, sina jingine. Asubuhi mama mkwe alikwenda kushinda kwa bintiye, nami nikaingia chumbani kwake, nikaitoa kabatini na kuipeleka kwa fundi nimeifunika kwa mtandio kama mtu aliyebeba kuku wa jirani. Sababu ilikuwa kazi. Kampuni hunitumia sauti za mikutano, mimi naweka hedifoni masikioni, nasikiliza, nachapa. Kompyuta yangu iliuawa na kikombe cha chai, na kampuni ilishasema atakayekosa kuleta kazi, nafasi yake itapewa mwingine. Nilikuwa nawalisha mtoto na mama mkwe kwa vidole hivi. Nilimwomba mama mkwe kwa adabu zote aniazime ile ya mwanawe. Akakataa. Nilipomwomba tena akasema nikiigusa tutakosana. Nilicheka moyoni, kwa sababu tulikosana tangu siku ya harusi.

Mume wangu tulimwita Bosi, jina alilojipa mwenyewe na kutaka litumike hadi chumbani. Huko nje alikuwa mcheshi, mtu wa watu. Ndani alikuwa mtu mwingine. Kompyuta ile ndiyo aliyonichungia: humo alisoma jumbe zangu zote, humo aliona simu yangu iko mtaa gani. Nikichelewa dukani, ujumbe unaingia. *Uko wapi?* Nikifika mlangoni nasikia funguo zikichezacheza mfukoni mwake, najua kinachofuata, na wiki nzima navaa mikono mirefu.

Moyo wake ulisimama akiwa mezani, uso umelalia vibonye. Msibani nililia kama inavyotakiwa. Baada ya hapo nilipata usingizi ambao sikuwahi kuupata tangu niolewe. Binti yetu ndiye aliyelia kweli. Kwake yeye, baba alikuwa mtu wa kumbeba mabegani na kumletea pipi. Alikuwa hajui lolote, na mimi niliapa hatajua.

Fundi alikuwa ameanza kufunga duka. Alinieleza kwamba mfumo uliokuwamo ulikuwa umezeeka, programu za siku hizi zilikuwa hazikubali kukaa humo, kwa hiyo ameweka mpya. Nikifika nyumbani niiunganishe na intaneti, itamalizia yenyewe. Kisha akafungua kiganja kunionyesha kitu. Uzi mweusi, mrefu, wenye mafundo mengi. Alisema aliukuta umeviringwa ndani, kwenye bawaba za kioo, na kile kifaa cha kunasia intaneti kilikuwa kimeng'olewa. Uzi ameukata, kifaa amekirudisha.

"Mlikuwa mnaogopa itatoroka?" aliniuliza.

Tukacheka wote wawili. Uzi ulikuwa unanuka udongo mbichi.

Nyumbani binti yangu alikuwa sakafuni anachora. Mama mkwe alikuwa bado hajarudi. Niliiweka kompyuta mezani, nikaichomeka ukutani maana betri yake ilikufa zamani, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu. Nikavaa hedifoni kwa mazoea na kusubiri. Asilimia zikaanza kupanda. Thelathini. Sitini. Zilipofika tisini na tisa zikagoma.

Feni ilikuwa inavuma. Halafu ikaanza kuvuma kwa vituo.

Inavuta… inatulia… inaachia.

Nikajiambia ni uchakavu. Lakini ikaja harufu. Kwanza vumbi lililoungua, na nyuma yake mafuta ya nywele. Yale yake. Kopo la mwisho nililitupa jalalani kwa mkono wangu mwenyewe, na nililitupa kwa raha.

Kioo kikawaka. Kikanikaribisha, kikaniomba niandike jina la mtumiaji.

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Naapa ilikuwa mapajani.

B.

O.

S.

I.

Kitaa kidogo juu ya kioo kikawaka, kile kinachoashiria kwamba kamera inatazama. Na kule masikioni, ndani kabisa ya hedifoni, nikasikia funguo zikichezacheza. Zikanyamaza.

"Uko wapi?"

Ilikuwa sauti ya chini, karibu ya upole. Siku ambazo angenipiga ndivyo alivyoanza.

Nikang'oa hedifoni na kuzitupa. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni na mkoba wake begani. Alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia bawaba.

"Nani amekata uzi?"

Nikamwambia ni fundi. Hakunifokea, na hilo lilinitisha kuliko yote. Alipita mbele yangu, akachomoa waya ukutani, kioo kikazimika. Akakaa kwenye kiti cha mwanawe. Nilimwambia kwa hasira kwamba kama alitaka kumfuga mwanawe ndani ya mashine angemfugia kwingine, si kwenye nyumba yenye mtoto. Nilisema mengi, miaka yote ilinitoka kwa mkupuo.

Akaningoja nimalize.

"Sikumfunga ili nibaki naye," akasema. "Nilimfunga ili wewe ubaki."

Alinieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka. Tulipotoka makaburini alimsikia mwanawe ndani ya kompyuta akiniulizia. Akajua hata kifo hakijamtosha. Alikojifunza kufunga hakusema, nami sikuuliza. Alisema tu kwamba mfumo ule wa zamani ndio uliokuwa chumba cha mwanawe, akiwa amelala humo, hana mlango wala dirisha. Sisi tumembomolea kuta.

"Ulikuwa unajua alivyokuwa ananifanyia," nikamwambia.

"Nilimzaa mimi. Unadhani sikuijua hiyo mikono mirefu? Baba yake ndiye aliyenivisha ya kwanza."

Miaka yote hiyo wanawake wawili tumekaa nyumba moja tukinuniana kwa ajili ya sufuria na chumvi, na kila mmoja anajua. Nikamwomba amfunge tena. Akatikisa kichwa. Wakati ule alikuwa usingizini, sasa yuko macho. Kisha akaniuliza kompyuta niliiunganisha na nini.

"Simu yangu."

"Iko wapi?"

Tukatazama mezani. Haikuwepo. Na sakafuni kulikuwa na rangi tu, na mchoro ulioishia nusu.

Kutoka chumbani tukasikia kicheko. Kile cha mtoto anayetekenywa.

"Ndiyo, baba. Yuko mezani na bibi." Kimya kidogo. "Hapana… mlango hawajafunga."

Niliikimbilia simu ile nikaiponda kwa mchi hadi ikawa unga. Binti yangu hakulia. Alikaa kitandani akinitazama kwa huruma, kama mtu mzima anayemtazama mgonjwa.

Sasa hatuna simu humu ndani. Kompyuta tuliichoma, kazi imekwenda kwa mwingine, tunaishi kwa vitumbua anavyokaanga mama mkwe. Lakini jioni mtoto husimama mbele ya televisheni iliyozimwa akinong'ona, na nyumba inanuka mafuta ya nywele. Mama mkwe anasema yule hukaa pale anapopendwa. Uzi hauwezi kumfunga tena. Atatoka siku mtoto atakapomfukuza kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kumaanisha.

Kwa hiyo jana nilimwita. Nilimkalisha mapajani, nikakunja mkono wa gauni, nikamwonyesha kovu refu lililo juu ya kiwiko. Nikamwambia alilifanya nani, na kwa nini. Nikamwambia yote niliyoapa hatayajua, polepole, huku nikilia. Alisikiliza hadi mwisho. Akalipapasa kovu kwa kidole kimoja, kisha akanishushia mkono wa gauni taratibu na kulifunika.

"Baba aliniambia," akanong'ona, "kwamba utanidanganya hivyo."