Kofia ya Konrodi ya Tatu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, injini ya lori ilianza kugonga. Fundi aliusikia mlio kupitia nyayo za viatu kabla haujafika masikioni, akamwambia shemeji yake azime.

Jangwa lilikuwa kokoto tupu pande zote. Mbele, kituo cha maji kilikuwa kilomita sabini. Kwenye dumu la maji zilibaki lita tano.

Injini ile Fundi aliifumua na kuijenga upya wiki iliyotangulia. Shemeji, mwenye lori, alikuwa ameisifu njia nzima, akisema dada yake aliolewa na mikono, si sura.

Fundi alijilaza chini ya lori, akafungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, bila kusubiri ipoe. Oili ilimmwagikia viganja vyote viwili, ngozi ikanyanyuka. Alikuwa akitazama konrodi ya tatu, mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, mhimili wa injini. Beringi yake ilikuwa imelika, na kofia ya chuma iliyoifunga kwenye krenki ilikuwa na alama ya namba mbili badala ya tatu. Konrodi na kofia yake huchongwa pamoja, haziazimani. Siku zote alizifunga kwa waya, kila moja na mwenzake. Safari hii shemeji alikuwa akimharakisha, naye akaziosha zote katika beseni moja.

Angeweza kusema beringi ilikuwa mbovu toka dukani.

"Nilichanganya kofia," alisema. "Kosa ni langu."

Shemeji alilitazama dumu. "Kwa miguu tunafika?"

"Sabini? Kwa maji haya, hatufiki."

"Basi tengeneza. Matusi yako nitakuwekea."

Fundi alimwomba shemeji mkanda wake wa ngozi. Shemeji akauliza suruali itasimamaje, akaambiwa aishike. Vidole vya Fundi havikuweza tena kushika spana, kwa hiyo shemeji ndiye aliyeingia chini, Fundi akimwelekeza: kata ngozi upana wa beringi, iloweshe oili, iweke mahali pa beringi iliyolika, rudisha kila kofia kwenye namba yake, kaza kidogo kidogo. Walirudisha oili waliyoikinga kwenye ndoo.

Waliondoka saa tano na nusu, mwendo wa kilomita kumi na tano kwa saa. Saa nane rejeta ya kupozea injini ilichemka, ikanywa lita tatu za maji. Kwenye dumu zilibaki mbili. Mlio ulirudi, kwanza kwa mbali, kisha ukawa kama nyundo. Kwenye kilomita ya sitini na moja konrodi ilikatika, ikatoboa ubavu wa injini, oili yote ikamwagika kwenye kokoto.

Walitembea kilomita tisa zilizobaki. Ya sita ilipotimia dumu lilikuwa tupu, na Fundi alikuwa akianguka na kuinuliwa.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, mlinzi wa kituo aliwapa kikombe kimoja cha bati chenye maji. Mikono ya Fundi haikuweza kukishika. Shemeji, ambaye mwenyewe alikuwa hajakunywa bado, alikipeleka kwenye midomo ya Fundi, akakiinamisha taratibu mpaka kikaisha.