Chupa Sita za Dawa ya Kupe

Kila Jumamosi asubuhi, pale kijijini Mugeta, ng'ombe wa majirani hukusanywa nyuma ya zizi la Marieta wapulizwe dawa ya kupe. Dawa huchanganywa katika tangi la saruji la mviringo. Wanawake hulijaza kwa ndoo za lita ishirini, na kila ndoo ikimwagwa, Marieta hudondosha punje moja ya mahindi kwenye kopo. Shule aliiacha darasa la tatu. Punje haziulizi cheti.

Nyamburi, binti wa kaka yake, yuko darasa la saba na anataka kila mtu ajue.

"Shangazi, unahesabia mahindi kama kuku? Siku hizi kuna kanuni."

"Haya, mwalimu. Tupigie hiyo hesabu."

Akapima kwa futi kamba. Kipenyo cha tangi, mita 1.4. Kimo cha maji, mita moja. Akaandika daftarini kwa madaha.

"Pai, mara 1.4, mara 1.4, mara kimo. Lita 6,160! Chupa moja ya dawa ni ya maji lita elfu moja. Kwa hiyo chupa sita na kidogo."

Matiko, binti wa Marieta, alikuwa amemkumbatia ndama asikimbie. Akaguna. "Chupa sita? Si tunawekaga moja na nusu! Unataka hawa ndama tuwazike leo?"

"Wewe uliyepata kumi kwa mia ya hesabu, nyamaza."

Chupa ya kwanza ikaingia. Ya pili Nyamburi alikuwa ameshaiinamisha, Marieta akamdaka mkono.

"Ngoja, profesa. Humo zimeingia ndoo sabini na saba. Mara ishirini ni ngapi?"

Nyamburi akahesabu. Sauti ikapungua. "Elfu moja mia tano na arobaini."

"Na hizo elfu sita zako zilinyesha lini? Mvua gani hiyo imenipita?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nyamburi akarudi kwenye daftari, masikio yanawaka. Kumbe alizidisha kipenyo, na kanuni inataka nusukipenyo. Nusu ya 1.4 ni 0.7. Pai mara 0.7 mara 0.7 mara 1 ni mita za ujazo 1.54. Yaani lita 1,540.

"Sikugawa kwa mbili," alinong'ona.

"Kwa sauti! Mwanzo ulikuwa na sauti."

Akarudia kwa sauti. Marieta akaongeza nusu chupa na kidogo tu, ng'ombe wakaanza kupulizwa, ndama na mama zao.

"Kanuni yako haina kosa," Marieta alisema, "na imelingana na punje zangu. Mwenye kosa ni anayeikariri kama kasuku, halafu anawacheka wanaoweza kumsahihisha. Ukipata jibu, lipeleke kwenye tangi ulione kama linaenea. Sasa kamsaidie Matiko kushika ndama. Yeye ana kumi kwa mia, lakini leo hakutaka kuua mtu wala mnyama."