Alama Mbili kwenye Kifuniko cha Rejeta

Foleni ya kivuko cha Kigongo haikuwa na mkubwa. Mwenye basi na mwenye toroli, wote walisubiri. Jumamosi moja, miezi michache kabla daraja halijafunguliwa, magari yalipangana hadi kwa wauza samaki wa kukaanga, na ndani ya kigari cheusi Prudencia alikuwa akimwomba Mungu kiyoyozi kisizimike. Siti ya nyuma alibeba keki ya harusi ya ghorofa tatu, nyeupe kama shuka jipya, ya bibi harusi wa Sengerema. Mwenyewe alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri kiunoni.

"Dada, zima gari!"

Aliteremsha kioo. Mwanaume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakata, alikuwa amesimama dirishani.

"Ukitaka nisogee si useme kistaarabu?"

"Sitaki usogee. Angalia geji yako."

Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Prudencia alizima, mvuke ukatoka chini ya boneti, na mama mmoja muuza mayai akaja mbio na chupa ya maji. Yule mwanaume akamzuia.

"Hapana, mama. Ukifungua sasa hivi utaungua uso. Tusubiri ipoe."

Wakasubiri. Alipoona injini imetulia kidogo, alimwita Prudencia. "Gusa huu mpira wa juu, haraka haraka. Ukoje?"

"Wa moto."

"Sasa huu mpira wa chini."

"Wa baridi."

"Ndo hivyo. Maji ya moto yamefungiwa kwenye injini, hayaendi kwenye rejeta kupoa. Kuna kijimlango cha kuyaruhusu kinaitwa themostati. Chako kimekwama."

"Na wewe unaitwa nani, unayejua milango ya magari ya watu?"

"Machibya. Nina gereji Igoma. Leo nilikuwa nakwenda kumsalimia mama."

Aliitoa ile themostati palepale, akajaza maji, na shati la kumsalimia mama likawa na mikono miwili ya grisi kifuani. "Hii ni ya kuvukia tu," alisema. "Gari haikai bila themostati. Jumatatu uje niweke mpya na kulanti ya maana, yale maji ya dawa ya kupozea injini."

"Kumbe ndivyo mnavyotafuta wateja."

"Usipokuja, sitakufuata. Gari ni yako."

Prudencia alikwenda. Lakini alikwenda akiwa amekunja uso, kwa sababu miaka mitatu nyuma alivishwa pete na mwanaume aliyekuwa na mke na watoto wawili Kahama. Tangu siku hiyo hakumwamini mtu kwa maneno. Machibya alilisoma hilo mapema, ndiyo maana hakubishana naye. Kabla ya kuifunga mpya, alimpa themostati mbili, ya zamani na hiyo mpya, azipeleke nyumbani azichemshe kwenye sufuria.

Jioni simu ikalia Igoma.

"Wewe fundi! Nimetumbukiza kipimajoto changu cha kupikia sukari humu. Mpya imefumbuka kwenye themanini na mbili. Ile ya zamani maji yanatokota, yenyewe imekaza tu."

"Si nilikwambia?"

"Ulisema. Sasa nimeona."

"Na sufuria la keki umeliosha?"

"Nimechemshia la ugali. Unaniona mshamba?"

Wakacheka. Simu ile ya dakika tano ilikwenda saa nzima. Baada ya hapo ikawa kila jioni. Prudencia alimwita Ngosha, kama Wasukuma wanavyomwita mwanaume, naye akamwita Pru wangu. Machibya alimtania kwamba Wahaya kama yeye hata wakiishiwa mafuta wanateremka kwa maringo, Prudencia akajibu kwamba Wasukuma hata wakiposa wanauliza bei ya ng'ombe kwanza. Haikupita miezi minne Machibya akaanza kuzungumza habari za mshenga.

Hapo ndipo gari lilipoanza kuvuja.

Mara ya kwanza lilichemka barabara ya Magu. Prudencia aliegesha, akangoja lipoe, akaongeza maji, akabana kifuniko kwa nguvu zake zote, akalipeleka Igoma. Machibya alipima mfumo wote kwa pampu ya upepo. Mipira mizima, rejeta zima, pampu ya maji kavu. Hakuna tone. Wiki mbili baadaye likachemka tena karibu na uwanja wa ndege. Akalipima tena. Hakuna tone.

Nyumbani kwake, kwenye miamba ya Ilemela, Prudencia aliishi na baba yake, Mzee Rwehumbiza. Mzee aliendesha malori ya kahawa miaka thelathini na miwili, kisha kiharusi kidogo kikamlegeza mkono wa kulia na macho yakaanza kufifia. Mwaka jana alijaribu kutoa gari nje akagonga geti, na Prudencia akampiga marufuku kuligusa.

"Hicho kigari chako kinatoka kwa fundi kizima, kinafika hapa kinavuja," mzee alisema wakiwa mezani. "Hujiulizi?"

"Nijiulize nini, Tata?"

"Themostati ni mambo ya Ulaya, ya watu wa theluji. Sisi tulikuwa tunazitupa kwenye majani siku ya kwanza. Huyo Msukuma wako anakulegezea kitu ili urudi. Mwanaume akiwa hana la kusema anaharibu gari."

Prudencia alikataa kwa mdomo. Moyoni neno likakaa.

Na Machibya naye alikuwa na lake. Siku moja Prudencia alileta gari kubadilisha oili tu, halijachemka, halijaongezwa kitu. Machibya akafungua kifuniko cha rejeta. Kulanti aliyoiweka upya, nyekundu kama juisi ya rozela, ilikuwa imepauka, imekuwa rangi ya maji yaliyosuuziwa glasi.

"Pru, nani mwingine anafungua gari yako?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Machibya, nimesema hakuna. Kwani kuna nini?"

"Basi tu."

Hakuuliza tena, lakini usingizi ulimpaa. Kulanti haijipaushi yenyewe. Kuna mkono wa mtu, na mwanamke anaficha mkono wa nani? Jumamosi iliyofuata gari lilipokuja tena gereji, kabla ya kumrudishia, alichovya kijiti kwenye rangi nyeupe akaweka nukta moja ndogo: nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye shingo ya rejeta. Kifuniko kikizungushwa, nusu hizo zitaachana.

Hakujua kwamba jioni ileile, nyumbani, Prudencia alichukua rangi ya kijani ya kupambia keki na brashi nyembamba, akachora mstari wake upande wa pili wa kifuniko kilekile. Kesho yake Machibya alialikwa chakula cha mchana. Akikigusa, atamjua.

Jumapili Machibya alikuja na suruali ya kadeti na viatu vya moka vilivyong'arishwa. Walikula ndizi kwa samaki, mzee akamjibu salamu kwa kukohoa. Prudencia alipoingia jikoni kuchukua matunda, Machibya alitoka nje kimyakimya. Prudencia alimwona dirishani, ameinua boneti, ameinama.

Alitoka na kisu cha kumenyea nanasi mkononi.

"Nimekukamata."

"Pru..."

"Niliweka alama! Mstari wa kijani. Haya, sogea nione." Akatazama. Mstari ulikuwa umekatika, kipande huku, kipande kule. "Umekifungua. Kila ukija unalegeza, halafu Prudencia arudi Igoma, si ndiyo?"

"Sijagusa hicho kifuniko. Na mimi niliweka alama. Ona nukta nyeupe hii, nayo imehama. Niambie wewe, ni mwanaume gani anakuja hapa kukujazia maji?"

"Mwanaume gani?"

"Nakuuliza wewe."

"Umeniwekea alama mimi?"

"Na wewe umeniwekea mimi!"

Walitazamana juu ya injini kama watu walioonana uchi bila kutarajia. Machibya alifunga boneti taratibu, akasema asante kwa chakula, akaondoka.

Siku mbili simu zilinyamaza. Jumanne jioni Prudencia akapiga.

"Sijakupigia kwa mapenzi."

"Sawa."

"Nukta yako uliiweka lini?"

"Jumamosi mchana. Wewe?"

"Jumamosi saa moja jioni. Nukta yako sikuiona."

"Na mimi mstari wako sikuuona hadi uliponionyesha. Pru, nilipofungua boneti vyote vilikuwa vimeshahama."

"Nitajuaje?"

"Weka mwingine leo. Mimi niko Igoma, sitakanyaga Ilemela. Asubuhi uangalie."

Asubuhi simu ikalia Machibya akiwa bado na mswaki mdomoni.

"Umehama," Prudencia alisema kwa sauti ndogo. "Geti lilikuwa na kufuli, Machibya. Ndani tulikuwa mimi na Tata tu, na Tata hata kikombe anashika kwa shida. Naogopa."

"Weka tena leo. Kesho nitakuja kabla hakujapambazuka vizuri. Uniachie geti wazi."

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro, ziwa lilikuwa rangi ya majivu kati ya mawe. Prudencia alikuwa jikoni tangu saa kumi na moja, ana oda ya keki Magu, unga umemfika viwikoni. Alisikia mlango wa mbele ukilia, akasogea dirishani. Baba yake alitoka na sweta lake la kahawia na jagi la maji. Aliinua boneti kwa bega, akafungua kifuniko, akamimina kidogo, kisha akakirudisha kwa kiganja cha kushoto, mkono wa kulia ukining'inia.

Kabla Prudencia hajatoa sauti, sauti nyingine ikasikika getini.

"Shikamoo, mzee."

Jagi likaanguka. "Marahaba. Unakuja kwa watu usiku?"

"Kumekucha, mzee. Unafanya hivi kila siku?"

Mzee alitaka kukana, akaona jagi chini. "Miaka thelathini na miwili sijawasha gari bila kuangalia maji. Mwanangu anasafiri na keki za watu, mimi nimekaa humu kama gunia. Hili ndilo ninaloliweza."

Machibya alikishika kifuniko, kikacheza. "Mzee, hiki kina hatua mbili za kubana. Mkono wako unakifikisha ya kwanza tu. Injini ikipata moto, maji yanapata upenyo. Pru akichemsha njiani anakibana mwenyewe hadi mwisho, kwa hiyo gari likija kwangu sioni kitu, na siku ya oili macho yangu yalikuwa kwenye rangi ya maji tu."

Mzee alikigusa kifuniko kwa kidole. "Kumbe ni mimi."

"Ndiyo, mzee."

"Nunua kipya. Mwambie hiki kilikuwa kibovu. Sitasema neno tena juu yako, na mshenga wako nitampokea kwa mikono miwili."

Nyuma ya dirisha Prudencia alisikia yote. Ulikuwa uongo mdogo, hauna wa kumuumiza, na ungemletea Machibya mke. Akasubiri kusikia ataupokea vipi.

"Kununua naweza, mzee. Kumwambia hivyo siwezi."

"Kwa nini?"

"Alishadanganywa. Nikimdanganya hata kwa hili, basi alikuwa na haki ya kuniwekea alama."

"Basi mshenga wako asikanyage hapa!"

"Sawa, mzee. Lakini leo anakwenda Magu. Mwambie mwenyewe kabla hajawasha."

"Nimeshasikia, Tata."

Prudencia alikuwa amesimama mlangoni, unga kwenye nyusi. Mzee aliinamisha kichwa.

"Ulinikataza kugusa," alisema.

"Uligonga geti."

"Geti lilikuwa limefungwa vibaya."

Machibya akacheka, akajizuia. Prudencia aliokota jagi, akampa baba yake. "Tuwe tunaangalia pamoja asubuhi, Tata. Wewe mimina, mimi nibane." Kisha akamgeukia Machibya. "Nilikuona mwizi."

"Na mimi nilikuona una bwana. Tumekosa wote."

"Huyu umeshamfukuza, Tata," Prudencia alisema bila kumwondolea Machibya macho.

"Nimemfukuza mshenga. Yeye sijamfukuza."

"Ngosha, mshenga wako ni nani?"

"Mjomba Yeremia. Ana gereji Nyakato."

"Hapana. Tafuta mtu asiyejua magari. Akianza kubishana na Tata habari za themostati, nitazeekea hapa."

Mzee Rwehumbiza alikuwa ameshaanza kurudi ndani, mkono ukipapasa ukuta. Alisimama kizingitini.

"Aje Jumapili hii, baada ya misa," alisema. "Wiki ijayo nina kliniki ya macho."