Pimamaji Iliyobaki Nyumbani

Fundi alikuwa mwashi, na sifa yake ilikuwa unyoofu. Ukuta wake haukuwa na tumbo. Hata akitandika kitanda, mkewe alimtania: "Lete na kamba basi, upime shuka!"

Alipoamua kuchimba makinga maji katika shamba lao la mteremko, alifanya kama alivyozoea. Alivuta kamba kutoka mpaka hadi mpaka. Alichimba mitaro mitatu na kuinua tuta kwenye kila mtaro. Ilinyooka hata wapita njia wakasimama kuitazama. Fundi akavimba kichwa. Wakapanda mahindi.

Mvua ya kwanza ikanyesha asubuhi. Kufika adhuhuri, matuta yote yalikuwa yamepasuka katikati. Udongo na mbegu vilikuwa vimekwenda na maji.

Jirani wa bondeni alikuja akicheka. "Shemeji, asanteni kwa udongo! Na mahindi yenu msijali, yataota kwangu."

Mke wa Fundi alicheka. Fundi hakucheka. Ndani ilibaki mbegu debe moja tu. Ikienda na hiyo, mwaka huu hawavuni kitu.

"Nitajenga matuta manene zaidi," alisema.

"Baba watoto, kuuliza si ujinga," mkewe akajibu. "Kesho namleta Bibi Shamba."

Bibi Shamba, mtaalamu wao wa kilimo, alifika amevaa mabuti. Alitembea juu ya tuta hadi penye ufa.

"Fundi, ukijenga ukuta unatumia nini?"

"Kamba, timazi, na pimamaji ya kupimia usawa."

"Na hapa ulitumia nini?"

"Kamba."

"Pimamaji ilikuwa wapi?"

Fundi akajikuna shingo. "Nyumbani."

Mkewe akashika mbavu. "Jamani! Maji yako shambani, pimamaji iko nyumbani!"

Safari hii hata Fundi alicheka.

"Kamba inanyoosha, haisawazishi," alieleza Bibi Shamba. "Shamba lako lina bonde katikati. Mtaro wako ulishuka humo, na maji hufuata mkondo. Yote yalikutana hapa, yakalivunja tuta. Tafuta sehemu zenye kimo kimoja, hata kama mstari utapinda."

Walifunga miti mitatu kama herufi A. Kwenye mti wa kulala, Fundi alifunga pimamaji yake. Mkewe alisimamisha mguu mmoja wa fremu kwenye kigingi cha kwanza. Fundi alisogeza mguu wa pili juu, kisha chini, mpaka kipovu cha pimamaji kikatulia katikati. Hapo wakapiga kigingi kingine. Wakaendelea hivyo hadi mpakani, kwa mitaro yote mitatu.

Fundi alipotazama nyuma, alitaka kulia. Vigingi vilikwenda huku na huku kama njia ya ng'ombe.

"Watu watasema nilikuwa nimelewa!"

"Waseme," mkewe akamjibu. "Tutawasikiliza tumeshiba."

Walichimba kufuata vigingi. Udongo waliutupa upande wa chini wa mtaro, wakaushindilia, wakapanda majani juu ya tuta ili mizizi iushike. Kisha wakapanda lile debe la mwisho.

Mvua ikaja mchana, kubwa kuliko ya kwanza. Fundi alitoka mbio na gunia kichwani, mkewe nyuma yake. Maji yalijaa mtaroni toka mwanzo hadi mwisho. Yalitulia kama maji ya beseni, yakaanza kuzama ardhini polepole. Hakuna tuta lililopasuka. Fundi alilitupa gunia akarukaruka kwenye matope kama mtoto, akiita, "Yamesimama! Mama watoto, yamesimama!"

Msimu ule mahindi yalijaa hadi mlango wa ghala haukufungika. Mlango wenyewe Fundi aliutengeneza, na ulikuwa umenyooka.

Jirani wa bondeni akabisha hodi. "Shemeji, mbona siku hizi hamniletei udongo? Na shamba langu limeanza kuchimbika."

Mke wa Fundi alimtazama mumewe. Fundi aliingia ndani, akatoka na pimamaji mkononi.

"Chukua," alisema. "Ila usiisahau nyumbani."