Barua ya Roret Isiyosomeka

Simu kutoka ofisi ya elimu ya wilaya ililia saa tano kasorobo, Jumatatu ya mwisho ya Julai 1997. Nyanchoka, karani wa shule, ndiye aliyeipokea. Afisa wa upande wa pili aliuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kama mwalimu mkuu yu salama.

"Yuko salama, bwana. Kwani kuna nini?"

"Ametuletea barua. Ina muhuri, ina sahihi yake. Lakini sisi hapa hatujui ni lugha gani."

Nyanchoka alitoa nakala kwenye faili. Mstari wa kwanza ulisema: *Avq Qyolq vq Tsodx.* Ukurasa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Ilipaswa kuwa barua ya kumwalika afisa awe mgeni wa heshima siku ya zawadi, Ijumaa hiyo.

Mwalimu mkuu, Bwana Weldon Kipchirchir, alipoiona aligeuka rangi. Ni yeye aliyeiandika, saa mbili asubuhi, Nyanchoka akiwa bado posta. Aliandika kwa kidole kimoja, macho yakiwa kwenye herufi tu, kwa sababu kioo cha ile kompyuta kuukuu kilikuwa kimefifia. Kisha akaichapisha, akatia sahihi bila kusoma na kuikabidhi kwa dereva.

"Na leo nilienda haraka," alilalamika. "Kawaida barua hunichukua nusu saa. Leo nilimaliza kwa dakika kumi na tano. Mtu ameichezea mashine. Na mashine ni yako, Nyanchoka."

"Mimi Jumamosi nilitoka saa saba, mkutano wa bodi ukiisha."

"Mwenyekiti anakuja saa tisa. Usipokuwa na jina la mtu, nitakuandikia barua ya kukusimamisha kazi."

"Utaiandika kwa mashine gani, Mwalimu?"

Mlango ulifungwa kwa nguvu.

Nyanchoka alikuwa na miaka kumi na moja katika ofisi ile, tangu enzi ya taipureta, na watoto wawili waliosoma kwa vidole vyake kumi. Alivuta kiti, akatazama ukuta kama alivyofundishwa chuoni, akaandika: Kwa Afisa wa Elimu. Kwenye kioo, kwa kufifia, yakatokea maneno yale yale, sahihi kabisa.

Basi mashine haikuwa na ugonjwa. Hata hivyo, vidole vyake vya shahada vilihisi kitu kimepungua: vile vipele vidogo vya kwenye F na J, vinavyomwelekeza karani, havikuwa mahali pake. Akatazama chini.

A, B, C, D, E. Safu ya juu ilianza hivyo na kuishia kwenye J. Ya pili ilianza na K. Ya tatu ilianza na T na kufika mpaka Z. Vifuniko vya herufi ndivyo vilivyohamishwa; mashine chini yake iliandika kama zamani. Herufi zilikuwa zimepanda na kushuka kama meno ya mzee, maana kila moja ilikuwa imechongwa kwa safu yake ya zamani.

Alichukua kisu cha kufungulia bahasha, akaibandua herufi moja. Chini yake palikuwa na unyevu, vidoa vyeusi kama vumbi la mkaa, na harufu kidogo ya uchachu. Aliinusa mara mbili, akairudisha.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Mwalimu Ombui wa fizikia. Mwezi mzima alikuwa akiililia bodi inunue kibodi mpya, na kila mtu alijua ana bisibisi mfukoni.

"Unanishuku mimi, dada?"

"Uliitaka kibodi mpya. Ya zamani ikiharibika kabisa, watanunua."

"Ningetaka kuiharibu ningekata waya, dakika moja. Nani ana nafasi ya kubandua herufi zote hizo? Na Jumamosi nilikuwa Ndanai, harusi ya binamu. Muulize mwalimu wa dini, tulienda pamoja."

"Mursik unakunywa, yale maziwa machachu ya kibuyu chenye masizi?"

Ombui alishika tumbo. "Nilijaribu mara moja tu, mwaka wa tisini na tatu. Usinikumbushe."

Wa pili alikuwa Chemutai, mfagiaji, ambaye hushika ufunguo wa ofisi wikendi. Nyanchoka alimkuta nyuma ya jikoni akiosha matambara.

"Jumamosi ulifunga ofisi saa ngapi?"

"Saa kumi. Nilichelewa kwa sababu ya mvua. Ilianza saa saba na nusu, ikanyesha sana."

"Kulikuwa na mtu ndani?"

"Wanabodi walienda wote na gari ya yule wa Kapsoit. Mwenyekiti peke yake alibaki. Alisema atangoja mvua iishe." Chemutai alifikiri kidogo. "Lakini beseni yangu niliipata kwa tangi, na mimi huwa siiweki huko. Ilikuwa na maji machafu, na vitu nyeusi nyeusi."

Nyanchoka alimshukuru, akarudi ofisini akiwa na uzito moyoni. Angependa jibu liwe lingine.

Mzee Johana Chepyegon, mwenyekiti wa bodi, alifika saa tisa kamili. Kabla ya kustaafu alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na nusu ya watu wazima wa Roret walijifunza a-e-i-o-u kwake, pamoja na mwalimu mkuu. Aliketi, akaambiwa habari ya barua, kisha ya kusimamishwa kwa karani. Aliangalia tu kofia yake.

"Mwalimu," Nyanchoka alisema, akiwa amewaita pia Ombui na Chemutai, "kabla hujaniandikia, naomba watu watatu waandike neno moja tu. Roret."

Ombui alitazama dirishani akaandika. Likatoka *Roret*. Alipoangalia vidole vyake alishtuka.

Chemutai hakuwahi kuandika kwa mashine, lakini kidole chake kilienda moja kwa moja safu ya juu, kikasimama. "R ilikuwa hapa, karibu na T. Mimi hupanguza hapa kila siku. Nani ameitoa?"

"Sasa wewe, Mzee. Tafadhali."

Mzee Johana aliinuka polepole. Kidole chake kilishuka mara tano, harakaharaka, kama cha mtu anayechuma chai kwenye safu yake mwenyewe. Kwenye kioo pakatokea *Kgktz*.

"Mwalimu Mkuu aliandika barua nzima asubuhi," Nyanchoka alisema kwa sauti ya chini, "na bado alitafuta kila herufi. Wewe hukutafuta hata moja, Mzee. Aliyezipanga hizi alizijua alfabeti vizuri sana, na kibodi hakuijua hata kidogo. Alikunywa mursik karibu nayo, maana masizi ya kibuyu yako humu ndani. Na Jumamosi alikuwa hapa peke yake, mvua ikinyesha."

"Nyanchoka!" mwalimu mkuu alimaka. "Unamsema mwenyekiti?"

"Wacha, Weldon," mzee alisema. "Huyu mama hatapoteza kazi kwa ajili yangu."

Aliketi tena. "Jumamosi nilikataa kibodi mpya inunuliwe. Kijana mmoja wa bodi akaniuliza, Mzee, wewe umewahi kugusa hata ya zamani? Wakacheka. Wote. Walipoenda, nikasema nijaribu kuandika jina langu. Nikaanza kutafuta J, na kibuyu kikaponyoka. Yote ikamwagika. Nikatoa meno yote ya kibodi nikaosha kwa beseni, moja moja. Wakati wa kurudisha nikakumbuka vile yalikuwa yamekaa. A iko chini mwanzoni, B iko mbali, Z iko karibu na A. Nikasema, kumbe hii ndiyo shida yake siku zote. Imepangwa na mtu asiyejua kusoma. Nikairekebisha."

Hakuna aliyecheka, ingawa Ombui alilazimika kutazama dari.

"Kwa nini hukusema, Mzee?" Nyanchoka aliuliza.

"Nilifikiri mtafurahi. Niliposikia kuna barua, ndipo niliona haya. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini Mwalimu Mkuu bado hajaniomba msamaha."

Mzee alimgeukia mwanafunzi wake wa zamani. "Ni kweli. Weldon, wewe ulitaka kumfukuza mtu bila kusoma barua uliyotia sahihi mwenyewe. Mwandikie huyu mama kwamba umekosa. Sasa hivi. Na kibodi mpya nitaipitisha."

Nyanchoka na Ombui walizirudisha herufi mahali pake. Mwalimu mkuu akasogezewa kiti, akanyoosha kidole kimoja, na mzee akasimama nyuma yake, mikono mgongoni. Saa kumi na moja wanafunzi waliokuwa wakipita dirishani bado walisikia ile sauti iliyowafundisha wazazi wao.

"Samahani inaanza na herufi kubwa, Weldon. Futa. Anza tena."