Kidole cha Kuazima

Jumatatu asubuhi, mwendo wa saa tatu, Rodah Chepng'eno aliambiwa na karani wa hospitali kwamba kizazi chake kilishatolewa.

Alikuwa amesimama pale dirishani akijishika tumbo, na uvimbe uliomfanya ajishike ulikuwa ndani ya kizazi hicho hicho. Daktari alikuwa amempangia kupasuliwa Alhamisi. Damu ilikuwa imemsumbua tangu mwaka uliopita, amekonda mpaka sketi anaifunga kwa pini, na daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kungoja, siku moja ataletwa kwa machela. Lakini kompyuta ya bima ilikuwa na habari zake. Mwezi wa pili, katika hospitali moja upande wa Londiani, Rodah Chepng'eno alilazwa, akapasuliwa, akatolewa kizazi, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Bima ya chama chao cha wachuna chai ilikuwa imeshalipa.

"Bima haiwezi kutoa kitu kimoja mara mbili, mama," karani alisema. "Nenda polisi kwanza."

Kesi ikaangukia meza ya Sajenti Gesare, na Sajenti Gesare alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Wiki iliyopita peke yake alikuwa amemsikiliza mzee aliyemtajia mtu wa simuni namba yake ya siri, pole pole, ili yule mwizi asikosee kuiandika. Halafu akaja mwalimu aliyemwazima mpenzi wake kitambulisho asajili laini ya simu, sasa anatafutwa na watu wa mikopo asiowajua. Watu hawa hawa usiku hufunga zizi kwa mnyororo! Gesare alikuwa akiota kustaafu, arudi kwao Nyamira apande parachichi, asisikie tena neno kitambulisho.

"Keti, mama," akasema. "Na wewe uliyemsindikiza, keti pia."

Aliyemsindikiza alikuwa Chepkemboi, jirani na rafiki wa Rodah tangu waolewe mlima mmoja. Chepkemboi aliuza mitumba Kaplong siku za soko, na mumewe alikuwa ameshafariki. Mgonjwa ni Rodah, lakini mkoba wa wote wawili ulibebwa na Rodah. Chepkemboi alishika ukingo wa benchi kwanza, ndipo akajishusha taratibu.

Gesare aliandika maelezo, akamsukumia Rodah kidau cha wino aweke dole gumba. Likaacha doa jeusi, bila mstari hata mmoja. Akarudia. Doa lingine.

"Ni majani, afande," Rodah alisema kwa haya, akificha mikono kwenye leso. "Nimechuna tangu niwe msichana. Vidole zangu zimeisha."

"Basi weka saini."

Hapo Gesare angeshtuka, lakini chai yake ilikuwa inapoa na foleni ilifika mlangoni. Aliuliza tu maswali ya kawaida. Nani ana nakala ya kitambulisho chako?

"Vinny wa saiba," Rodah akasema. "Na wifi yangu Fancy, alikaa kwangu mwaka mzima. Tulikosana vibaya. Na huyo Fancy, nilisikia alionekana hospitali ya huko Londiani mwezi wa pili."

"Fancy anaweza," Chepkemboi alidakia haraka. Kisha akatazama sakafu.

*

Kabla ya kutoka, Gesare alipiga simu Londiani. Mwanamke wa rekodi alimjibu vizuri. Ndiyo, mgonjwa alikuja peke yake. Alisema kitambulisho kimepotea, akatoa nakala iliyofifia, sura haionekani. Hawakujali, kwa sababu aliweka kidole na mashine ikamtambua.

"Mara ya ngapi?"

"Mara ya kwanza tu, afande. Iliitika hapo hapo."

Vinny alikuwa kijana wa miwani, na saiba yake, kibanda cha kompyuta na nakala, ilikuwa kontena karibu na kituo cha kupimia majani. Alipoona beji akaanza kutoka jasho.

"Hizi ni nini?" Gesare alipiga teke katoni iliyokuwa chini ya meza. Ilijaa nakala za vitambulisho zilizotoka vibaya, nyuso za nusu ya wateja wake.

"Ni za kuwashia jiko, afande. Karatasi iko bei."

"Unawasha jiko na watu? Nikikuuliza nani alichukua moja hapa, utajua?"

"Kusema ukweli... siwezi jua. Mtu anaingia, anangoja, anakaa hapo kando ya katoni. Lakini afande, nakala bila kidole haifungui hiyo bima. Mimi nimejaribu kumsaidia shosho mmoja mzee, ikakataa kabisa."

Alikuwa amesema kweli, na ilimuudhi Gesare kwamba amesema kweli. Alimsimamia mpaka katoni yote ikachomwa nyuma ya kontena. Akamwambia tena, kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara elfu, kwamba karatasi yenye jina la mtu hurudishiwa mwenyewe au huchanwa mbele yake. Vinny akaitika ndiyo afande, ndiyo afande. Kesho angesahau.

Fancy aliishi ng'ambo ya mto. Gesare alipanda mlima ule visigino vikimuuma, akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa tumbo. Mimba ya miezi saba, kama si minane.

Gesare aliegemea ukuta akacheka kicheko cha kukata tamaa, kisha akaeleza kilichomleta.

"Ni Rodah amekutuma?" Fancy aliuliza. "Anasema nimetolewa kizazi kwa jina lake? Afande, kama nimetoa kizazi, huyu nimemweka wapi, mfukoni?"

"Ulionekana Londiani."

"Kliniki ya wajawazito! Dada ya mama yangu anaishi huko." Akamletea kiti na kikombe cha maziwa. Alikuwa na hasira lakini hakuwa na roho mbaya. "Huyo Rodah hunishuku mimi kwa kila kitu. Mbona hamshuku rafiki yake? Chepkemboi alienda Londiani wakati huo huo, mwezi mzima, eti ameenda kumsaidia dadake kuvuna viazi. Akarudi mikono mitupu! Hata kiazi kimoja cha kutuonjesha."

Kikombe kilibaki hewani.

Nani hurudi kutoka Londiani bila viazi? Hata polisi wakienda kushika mwizi huko hurudi na gunia. Gesare akamwona tena Chepkemboi akishika ukingo wa benchi, na mkoba ukibebwa na mgonjwa. Halafu akaliona lile doa la wino. Rodah hakuwa na alama za vidole. Wino wa polisi ulishindwa mara mbili, lakini mashine ya Londiani iliitikia mara ya kwanza. Basi kidole kilichokuwa ndani ya mashine hakikuwa cha Rodah. Hakikuwa chake tangu siku ya kwanza.

"Mimi nami!" akasema kwa sauti. Alijikasirikia. Jibu lilikuwa limelala mezani pake tangu asubuhi, ndani ya kidau cha wino.

*

Aliwakuta wote wawili jikoni kwa Rodah jioni ile. Chepkemboi alikuwa akikoroga uji wa wimbi, Rodah amelala kwenye kochi la mbao. Gesare hakuketi.

"Rodah, siku ya kujiandikisha bima, uliweka kidole cha nani?"

Rodah alitazama mgongo wa Chepkemboi. Mwiko ukaacha kuzunguka kwenye sufuria.

"Nakuuliza wewe."

"Mashine ilikataa zangu zote kumi," Rodah alisema mwishowe. "Karani wa bima alikuwa anataka kufunga aende. Akasema, leta kidole yoyote bora iitike. Afande, wengi hapa wameandikishwa hivyo. Wengine ni kidole ya mtoto, wengine ya jirani. Sikusema asubuhi kwa sababu niliogopa ni makosa, nitafungwa."

"Cha nani?"

"Changu," Chepkemboi akasema. Hakugeuka. "Mimi siku hizi sichuni. Zangu zinasoma."

Rodah aliinuka kwa kiwiko. Ilimchukua muda, na Gesare aliona wazo likimfikia na kumuumiza. "Wewe? Chepkemboi, ni wewe umekaa hapo umenipikia uji?"

"Ni mimi."

"Nilipoenda polisi ulinishika mkono!"

"Ningekaa nyumbani namna gani, wewe ukienda huko peke yako?" Chepkemboi aligeuka, uso umelowa. "Mimi pia nilikuwa na hiyo damu, Rodah. Miaka miwili. Nilificha. Nilijikaza nikakusanya pesa ya kuingia bima, nikaenda kwa yule karani. Nikaweka kidole. Unajua mashine ilisema nini? Ilisema nimeshaandikishwa. Ilisema mimi ni Rodah Chepng'eno."

Uji ukaanza kuungua.

"Nikamwambia hapana, mimi ni Chepkemboi. Karani akasema turudi wote wawili kwa bosi tueleze tulivyodanganya, na yeye atasema hajawahi kutuona. Ningekuingiza kwa shida. Nikarudi nyumbani nikalia. Damu ikazidi, nikaanguka sokoni. Basi nikaokota nakala yako kwa katoni ya Vinny, nikaenda mbali, nikawa wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema hapana. Na ungekuwa na haki ya kusema hapana. Niliogopa hiyo hapana yako kuliko kufa. Sikujua na wewe unaumwa! Ulinificha."

"Niliona aibu," Rodah alisema.

"Na ukamtupia Fancy lawama," Gesare akamkumbusha Chepkemboi.

"Nilimtupia. Nitamwomba msamaha."

Gesare aliipua sufuria mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anaiangalia. Ilimchosha zaidi kuliko wezi wote wa wiki ile, kesi hii isiyokuwa na mtu wa kumchukia. Aliketi sasa, akatoa karatasi.

"Nisikilizeni. Huyo karani nitamshughulikia. Lakini bima haitabadilisha kitu kabla ya Alhamisi bila maelezo ya aliyelala kile kitanda, na saini yake. Chepkemboi, ukiandika, utaenda kortini kwa kujifanya mtu mwingine. Sitakudanganya. Usipoandika, Rodah hapasuliwi."

"Afande, wacha hii kesi," Rodah alisema. "Nitauza ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Ile moja? Na mashine itaendelea kusema huna kizazi, na daktari mwingine ataamini mashine, akutibu kama mtu mwingine. Hapana."

"Uza ng'ombe watoto wanywe nini?" Chepkemboi akasema. Alifuta mikono kwenye aproni. "Andika, afande."

Aliandika kila neno. Mwishoni akamsogezea kidau cha wino, na dole gumba la Chepkemboi likatoka safi, mistari yote ikihesabika.

*

Jumatano mchana bima ilimfungua Rodah upya, kwa picha ya uso wake na maswali ambayo yeye tu angeyajibu. Alhamisi akapasuliwa. Chepkemboi alisomewa mashtaka siku hiyo hiyo. Aliachiliwa kwa dhamana, na aliyemdhamini, ajabu, ni Fancy, tumbo lile mbele ya hakimu, akilalamika njia nzima.

Ijumaa Gesare alipita wodini kumsainisha Rodah karatasi ya mwisho. Alisimama mlangoni. Rodah alikuwa amegeukia ukuta. Kando ya kitanda alikaa Chepkemboi, na chupa ya uji haijafunguliwa. Ilionekana hawajaongea.

Kisha kikohozi kikamshika Rodah. Akakunja uso, akashika kitanda, macho yakamtoka kwa maumivu. Chepkemboi alichomoa mto, akaulaza juu ya kidonda kilichofungwa, akaubana kwa viganja viwili.

"Shikilia hapa ukikohoa," alisema. "Kaza. Hivyo. Mimi sikuwa na mtu wa kunionyesha."

Rodah alikohoa, mto umemkaza. Alipomaliza, Chepkemboi akataka kuondoa mikono. Rodah akaishika kwa vidole vyake vyeusi visivyo na mistari, akairudisha pale pale.

"Bado," akasema.

Gesare alikunja karatasi akaiweka mfukoni. Ingengoja Jumatatu.