Aliyefunga Siku

Marehemu alilala ubavu juu ya meza ya uhasibu, tumbo wazi, nyaya zimetoka nje kama matumbo ya kuku. Inspekta alivua kofia kwa mazoea, akakumbuka kwamba aliyekufa ni kompyuta, akaivaa tena.

Sakafuni kulikuwa na diski yake, imepondwapondwa. Kando yake jiwe la mizani la kilo mbili, lile la kupimia pumba na mashudu. Kwenye kapu la taka, disketi kumi na mbili zenye nakala za hesabu zilikuwa zimekatwakatwa kwa mkasi, vipande sawasawa, bila haraka.

"Afande, nimekwisha," alisema Bosi wa kiwanda hicho cha chakula cha mifugo. Shati zuri, jasho baya. "Hesabu zote za miaka ishirini na sita zimo humo!"

"Zilikuwemo."

"Unanicheka?"

"Nakuandika. Endelea."

Bosi alieleza. Programu ya hesabu aliinunua marehemu baba yake, na walioitengeneza walishafunga duka zamani. Mwezi uliopita alinunua kompyuta mpya. Mfumo endeshi wake ukiuwekea programu ile unaitazama kama mgeni asiyealikwa, unaifungia mlango. Fundi alikuwa amehangaika nayo wiki tatu. Asubuhi hii ndiyo ilikuwa ahamishe kila kitu.

"Ufunguo wa chumba hiki anao nani?"

"Mimi, fundi na Shangazi."

"Shangazi yako wa damu?"

"Hapana, mhasibu wetu. Nilianza kumwita hivyo nikiwa darasa la nne, kiwanda kizima kikafuata."

Sajini alipaka unga wa alama za vidole juu ya lile jiwe, akainama, akatikisa kichwa. "Limepanguswa, afande. Linang'aa kuliko viatu vyangu."

Mlinzi aliletwa na kitabu chake kwapani.

"Jana nani alitoka mwisho?" Inspekta aliuliza.

"Wote walitoka saa kumi na moja kamili. Imeandikwa hapa."

Inspekta alisoma. Watu ishirini na watatu, dakika moja, mwandiko mmoja.

"Walitoka kwa kurushwa na manati?"

"Huwa naandika mapema, afande. Saa nane hivi, kabla usingizi... kabla shughuli hazijazidi."

"Na ya leo umeshaandika?"

Mlinzi alifunika kitabu kwa kiganja.

Fundi alihojiwa stoo, amekalishwa juu ya gunia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu ndevuni, na macho yasiyotulia.

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Nilikwenda kutengeneza printa ya duka la dawa, nikatoka kule saa moja."

Sajini alipiga simu duka la dawa. Ilikuwa kweli.

"Sasa nieleze kazi yako hapa, kama unamweleza bibi yako."

"Programu ya zamani na mfumo mpya hawaelewani. Basi, ndani ya kompyuta mpya nimejenga kompyuta ya zamani. Siyo ya chuma, ya kufikirika tu. Programu inaingia mle, inatazama huku na huku, inadhani bado ni mwaka ule ule. Inafanya kazi bila kinyongo."

"Inadanganywa."

"Kwa heshima, lakini ndiyo."

"Tabia zake ulizijuaje?"

"Shangazi alinifundisha. Kila jioni lazima uifunge siku, la sivyo kesho yake haikufungulii. Ukiifunga inatoa karatasi, na karatasi inakwenda kwenye faili. Alinielekeza kwa uvumilivu, kama mama na binti jikoni."

"Mbona macho hayatulii?"

"Nilishahamisha, afande. Jana saa saba mchana. Programu inafanya kazi, hesabu zote ziko salama. Zimekosekana za jana alasiri tu."

"Bosi wako analia kule, na wewe umenyamaza?"

"Nilitaka nimwambie nimezifufua. Kufufua kuna bei yake."

Inspekta alimtazama kama mende aliyekutwa kwenye sukari. "Utasema nitakapokuruhusu. Tena bure."

Shangazi alikuwa benchini nje ya ofisi, mkoba magotini, miguu pamoja, kama aliyekuja kupimwa macho. Miaka sitini na mmoja. Inspekta alimkaribisha ndani, akamvutia kiti.

"Pole na msiba, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Muulize mlinzi, ana kitabu."

"Kitabu nimekiona. Ulifunga siku?"

"Sikufunga. Fundi alikalia mashine mpaka saa kumi, nikasema nitaifunga leo. Nikaenda zangu."

"Hukuigusa kabisa?"

"Sikuigusa."

Inspekta alikwenda kwenye rafu, akashusha faili la mwezi ule, akafunua ukurasa wa mwisho. Karatasi ya jana ilikuwa mahali pake, imetobolewa matundu mawili, imenyooka kama shuka la hospitali. Saa 17:46. Chini yake: IMEFUNGWA NA SHANGAZI.

"Sajini, mhalifu gani anafunga hesabu, anasubiri printa imalize, anatoboa karatasi, anaiweka kwenye faili, ndipo anachukua jiwe?"

"Mhalifu nadhifu, afande."

Shangazi alicheka, kicheko kifupi, kisha akaitazama mikono yake.

"Vidole hivi! Mimi nilikuja kuvunja. Vyenyewe vikakaa kitako, vikafanya kazi kwanza. Hata kutoboa sikumbuki."

"Ungeiacha wazi nisingekupata."

"Siku niliyomzika mume wangu nilirudi hapa jioni, nikafunga. Sijui kuiacha wazi."

"Kwa nini uliivunja, mama?"

Bosi alikuwa amesimama mlangoni, fundi nyuma yake. Shangazi alimwona, akaongea na Inspekta.

"Aliniambia, 'Shangazi, mfundishe fundi, ni kukurahisishia kazi.' Nikafundisha wiki tatu, sauti ikakauka. Juzi napeleka vocha asaini, namsikia kwenye simu. 'Shemeji, subiri kidogo tu. Kizee kikimaliza kumwonyesha fundi, kiti ni chako.' Kizee! Mimi niliyemfundisha kugawanya kwenye meza hii hii, analia kwa ajili ya desimali. Nikasema, kama ni kutupwa, natupwa na mwenzangu. Mimi na mashine ile tulianza kazi siku moja."

"Ungeniambia, Shangazi," Bosi alisema taratibu.

"Wewe ndiye uliyekuwa na la kuniambia."

Inspekta angeweza kunyamaza. Lakini lilikuwa jambo la kuandikwa kwenye maelezo, na lingemfikia Bosi tu.

"Fundi, sema."

Fundi alisema, akitazama viatu vyake. Bosi alipiga makofi mara moja, uso ukamfunguka, akatoka mbio na simu sikioni. "Shemeji! Njoo, ziko salama!" Hakugeuka nyuma.

"Kwa hiyo inafunguka kule kwenye mpya?" Shangazi aliuliza.

"Inafunguka, mama," Inspekta alijibu.

"Na za alasiri watazipata kwenye karatasi yangu."

"Ndiyo."

Alinyoosha mikono ifungwe pingu. Inspekta aliziacha kiunoni. Sajini alipomsomea maelezo ya kukiri kosa la kuharibu mali kwa makusudi, Shangazi alimsahihisha tarehe, ndipo akatia sahihi.

Siku tatu baadaye Inspekta alirudi kiwandani kuchukua ile karatasi, kielelezo cha mahakamani. Shemeji wa Bosi alikuwa kitini, kucha ndefu, anabonyeza kibodi kama anayepima joto la pasi. Printa ikakohoa, ikatoa ukurasa. IMEFUNGWA NA SHANGAZI.

"Hamjabadilisha jina?"

"Halibadiliki," alisema kwa hasira. "Fundi kashindwa. Limdude lenyewe linamjua mtu mmoja tu."

Bosi alimvuta Inspekta pembeni. "Afande, kesho ni kufunga mwezi. Fundi alifundishwa kufunga siku tu, na tukikosea kila kitu kinagoma, mishahara inakwama. Utanisaidia kumuuliza Shangazi kule mahabusu?"

Inspekta alimuuliza, ng'ambo ya nondo, daftari mkononi. Shangazi alifikiri, akavuta pumzi.

"Kwenye simu alisema kizee. Leo amesema nani?"

"Amesema Shangazi."

"Aha. Andika."

Alitaja hatua moja moja, polepole, akirudia pale Inspekta alipochelewa. Kitufe gani, swali gani, jibu gani. Vidole vyake vilicheza juu ya goti. Alipofika ya kumi na moja, vidole vikatulia.

"Zimekwisha?"

"Imebaki moja. Ya kumi na mbili."

"Nitajie."

"Hiyo haimo kichwani, imo kwenye vidole." Akaviingiza chini ya makwapa, akaegemea ukuta. "Mwambie aje avichukue."